Nani Alimfundisha Askari wa Gereza?

Miaka ya 1970, sebule nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi zilitundikwa picha ya aina moja. Wachoraji walikuwa wengi, na aliyejulikana kuliko wenzake ni Tshibumba Kanda-Matulu, lakini jambo lililochorwa lilikuwa lilelile, kwa jina lilelile: Colonie Belge, yaani Koloni la Ubelgiji. Ni ua wa gereza. Bendera ya Ubelgiji inapepea. Mzungu wa serikali amesimama anatazama, kiko mdomoni. Mtu amelazwa kifudifudi, nguo imeshushwa, na askari mweusi mwenye sare ameinua fimbo. Pembeni wafungwa waliovaa mistari wanabeba mizigo, na wanawake waliokuja na chakula wanalia.

Waliozungumza juu ya picha hiyo walizungumza zaidi juu ya yule aliyelala na yule Mzungu, na walikuwa na haki. Lakini yupo mtu wa tatu, yule mwenye fimbo. Alitoka kijiji gani? Nani alimwajiri, na asubuhi yake ya kwanza kazini aliambiwa afanye nini? Historia ya magereza yetu imeandikwa kwa majina ya magavana na ya wafungwa mashuhuri. Ya askari wa gereza, na ya mafunzo aliyopewa au aliyonyimwa, husimuliwa kwa sentensi mbili tu. Bila historia hiyo hatutaelewa kwa nini watu 129 walikufa katika usiku mmoja kwenye gereza la Makala, Kinshasa, mwaka 2024.

Hebu tuanzie Marungu, kusini-mashariki mwa Kongo. Ukiwa Pepa, juu kwenye nyanda zile za baridi na malisho ya ng'ombe, gereza liko mbali. Mtu akishtakiwa kwa kosa kubwa, njia ya sheria inateremka kuelekea ziwani, Moba, halafu Kalemie, mji ambao wazee waliujua kwa jina la Albertville. Utawala wa kigeni ulifika upande huu wa Ziwa Tanganyika kabla haujajenga gereza hata moja. Mei 1883 luteni Mbelgiji Émile Storms alianzisha kituo Mpala, na nguvu yake ilikuwa askari wa kukodi waliotoka upande wa pwani na Unyamwezi. Desemba 1884 aliwatuma kwa Lusinga lwa Ng'ombe, chifu wa Watabwa aliyekataa kuinama. Lusinga hakufungwa. Alikatwa kichwa, na fuvu lake likasafirishwa hadi Brussels. Mwaka uliofuata Storms aliondoka, Mpala ikakabidhiwa kwa Mapadre Weupe, na mwaka 1887 akaja Kapteni Léopold Joubert, askari wa zamani wa Papa, akawa kamanda, mtawala na mwamuzi kwa pamoja.

Katika mpangilio huo hapakuwa na kazi iliyoitwa ulinzi wa gereza. Aliyepigana asubuhi ndiye aliyelinda mateka jioni, kwa silaha ileile na moyo uleule. Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili iliendeleza desturi hiyo kwa ukubwa zaidi. Jeshi lake, Force Publique, lilipigana vita, lilikusanya mpira na pembe, na lilisimamia watu waliofungwa mnyororo shingoni. Picha za wakati ule zinaonyesha safu za watu waliounganishwa kwa mnyororo mmoja, na mbele au nyuma yao askari mwenye bunduki. Askari huyo alikuwa amefundishwa kwata na shabaha. Jinsi ya kukaa na binadamu aliyenyang'anywa uhuru wake, hilo halikuwa somo.

Ubelgiji ilipoichukua Kongo mwaka 1908, sheria ziliandikwa upya lakini ua wa gereza haukubadilika sana. Katika teritwari, administrata alikuwa mkuu wa polisi, hakimu wa makosa madogo na mkuu wa boloko, yaani gereza. Wafungwa walichota maji, walifyeka nyasi za posta, walitengeneza barabara. Kazi ya askari ilikuwa kuhesabu vichwa na kuhakikisha kazi inafanyika. Fimbo ilikuwa adhabu halali. Idadi ya mapigo ilipunguzwa mara kadhaa, lakini haikufutwa kabisa hadi mwaka 1959, miezi michache tu kabla ya uhuru. Maana yake ni kwamba karibu kila askari wa gereza aliyekuwa kazini siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, alikuwa amejifunza kazi yake katika gereza la fimbo.

Nabii Simon Kimbangu aliijua Élisabethville, Lubumbashi ya leo, kwa njia ya gereza kama hilo. Alihukumiwa kifo mwaka 1921, Mfalme Albert akabadilisha hukumu ikawa kifungo cha maisha, na nabii huyo akaletwa Katanga, mbali na watu wake wa Kongo ya Chini. Alifariki akiwa mfungwa tarehe 12 Oktoba 1951, baada ya miaka 30. Kanisa lake leo lina mamilioni ya waumini. Zamu ngapi za walinzi zilipita mlangoni pake katika miaka hiyo 30! Watu hao waliishi karibu naye kuliko hakimu, mfalme au mmisionari yeyote.

Ng'ambo ya ziwa mambo yalianza vilevile, kisha yakachukua njia nyingine. Chini ya Wajerumani, Tanganyika ilijua mnyororo na kiboko. Hamsa ishirini, yaani mapigo 25, ni msemo ambao wazee waliurithi kutoka kwa baba zao. Waingereza walipochukua nchi waliyaweka magereza chini ya polisi. Mwaka 1931 wakayatenga, magereza yakawa idara inayojitegemea. Jambo hili linaonekana la makaratasi tu, lakini lina uzito. Polisi anapomkamata mtu humtazama kama mshukiwa wa kushinda. Anayeishi naye miaka mitano ndani ya kuta anahitaji jicho lingine na ujuzi mwingine, na huwezi kuudai ujuzi huo kwa mtu kama kazi yake haina jina wala ofisi.

Kisa kinachofundisha kuliko vyote kilitokea Kenya, na hapa inafaa tutulie.

Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari dhidi ya uasi wa Mau Mau. Aprili 1954 wanajeshi waliizingira Nairobi katika operesheni iliyoitwa Anvil, na kufikia mwisho wa mwaka huo watu waliokuwa kizuizini walizidi 70,000 kwa hesabu ya serikali yenyewe. Wanahistoria, Caroline Elkins akiwa mmoja wao, wamesema waliopita kambini kwa jumla walikuwa wengi zaidi sana. Manyani, Mackinnon Road, Lang'ata, Mageta, kambi za Mwea, Kamiti kwa wanawake: idara ya magereza iliyozoea wezi na wadaiwa kodi ikatakiwa kufungia sehemu kubwa ya jamii nzima. Askari wakatafutwa kwa haraka, wengi kutoka jamii ambazo hazikuhusika na uasi. Walipewa sare, rungu na zamu. Waliambiwa kwamba waliomo ndani wamekula kiapo cha kishenzi na ni hatari kuliko wanyama. Mtu aliyeingia kazini kwa maelezo hayo alikuwa ameshafundishwa jambo, hata kama hakukalishwa darasani.

Kisha mafunzo yakapata mwandishi wake. Mwaka 1957, katika kambi za Mwea, afisa Terence Gavaghan alisimamia mbinu ya kuwavunja wafungwa sugu mara wanapofikishwa kambini, kwa nguvu, hadi watii. Juni mwaka huo Mwanasheria Mkuu wa koloni, Eric Griffiths-Jones, alimwandikia gavana kueleza namna nguvu hiyo ingeweza kutumika bila kuvuka sheria. Wasipigwe sehemu za hatari kama wengu, ini na figo. Wanaopiga wawe watulivu, wasitawaliwe na hasira. Haya yalikuwa maelekezo ya kazi, tena yametoka kwa mwanasheria mkubwa kuliko wote nchini. Askari ambaye hakuna aliyemfundisha haki za mfungwa akapangiwa sehemu za mwili ambazo rungu lisiguse. Maelfu ya majalada ya utawala ule yalibaki yamefichwa Uingereza, Hanslope Park, na umma haukujua habari zake hadi mwaka 2011.

Hola ilikuwa kambi ya mwisho mwisho, kando ya Mto Tana, kwenye joto na mbu, kwa wale walioshindikana kwingine. Mwanzoni mwa 1959 walikuwa wamekataa kufanya kazi. Walijiona wafungwa wa kisiasa, na kazi ya kulazimishwa kwao ilikuwa kukiri kosa. Afisa mkuu wa magereza John Cowan akaandika mpango: wachukuliwe kwa vikundi hadi mahali pa kazi, na wakikataa walazimishwe kwa mikono. Kwenye karatasi mpango ulikuwa na mpangilio. Tarehe 3 Machi 1959 mkuu wa kambi, Michael Sullivan, aliwatoa watu 85 kwa mara moja, wakazungukwa na zaidi ya askari 100 wenye marungu. Filimbi ikapulizwa, kipigo kikaanza. Kilipokwisha, watu 11 walikuwa wamekufa au wanakufa, na wengine makumi walikuwa na majeraha ambayo hayakupona maishani mwao.

Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema watu hao walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Uchunguzi wa vifo uliofanywa na hakimu W. H. Goudie uliuvunja uongo huo: walikufa kwa kupigwa. Bunge la Uingereza lilijadili Hola hadi usiku wa manane wa tarehe 27 Julai 1959, na mbunge wa chama tawala, Enoch Powell, ambaye baadaye angejulikana kwa uadui wake kwa wahamiaji, alisimama kuishutumu serikali yake mwenyewe kwamba haiwezi kuwa na kipimo kimoja cha uhai kwa Waafrika na kingine kwa Waingereza. Cowan alikuwa ameshapewa nishani mwezi uliotangulia. Sullivan alistaafishwa bila kupoteza malipo yake. Hakuna aliyeshtakiwa kwa vifo vile.

Mmoja wa walionusurika, Wambugu wa Nyingi, alipigwa hadi akazirai, akawekwa pamoja na maiti. Zaidi ya nusu karne baadaye alikuwa miongoni mwa wazee waliosimama mbele ya Mahakama Kuu jijini London, na Oktoba 2012 mahakama ikaamua kesi yao isikilizwe. Tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ilitangaza kusikitika kwake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya wadai 5,228.

Ninaiona Hola kama jambo la uongozi kwanza. Waliopanga na waliofunika wana lawama kubwa kuliko waliopiga, na ni wao waliolindwa. Hata hivyo ule umbali kati ya karatasi ya Cowan na uwanja wa Hola unapaswa kutusumbua. Katikati ya viwili hivyo palikuwa na zaidi ya watu mia moja ambao somo lao pekee lilikuwa utii. Hakuna hata mmoja aliyefundishwa kwamba ipo amri ambayo askari wa gereza anaruhusiwa, tena anapaswa, kuikataa. Hilo ndilo somo la kwanza la kumpa kuruti. Kwata inaweza kusubiri wiki ya pili.

Dunia ilikuwa imeshaanza kuliandika. Mwaka 1955, Geneva, mkutano wa Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni za chini kabisa za kuwatendea wafungwa, miaka minne kabla ya Hola. Tarehe 17 Desemba 2015 kanuni hizo zilifanyiwa marekebisho, zikapewa jina la Nelson Mandela, aliyekaa kifungoni miaka 27. Zipo 122. Ya 75 inadai kila mtumishi afunzwe kabla ya kuanza kazi, na anayeruhusiwa kuingia ni yule tu aliyefaulu majaribio ya darasani na ya vitendo. Ya 76 inataja masomo: sheria za nchi, heshima ya utu na katazo la mateso, usalama, namna ya kutuliza vurugu kwa mazungumzo kabla ya nguvu, huduma ya kwanza, dalili za ugonjwa wa akili. Ya 81 inasema wanawake wafungwa wasimamiwe na wanawake. Ya 82 inasema anayekaa na wafungwa ana kwa ana asiwe na bunduki, isipokuwa kwa hali ya pekee, na asipewe silaha kabla hajafunzwa kuitumia. Ya 40 inakataza mfungwa kupewa mamlaka ya kuwaadhibu wafungwa wenzake. Msomaji aikumbuke hiyo ya 40, tutaihitaji tukirudi Kongo.

Nchi jirani hazikufika huko kwa siku moja. Tanzania ilijenga utaratibu wa kudumu: kuruti wa Jeshi la Magereza hupelekwa depo Kiwira, mkoani Mbeya, na maafisa husomea Ukonga, Dar es Salaam. Lakini uhuru haukumwondolea askari fimbo mkononi. Sheria ya adhabu za chini ya mwaka 1963 iliweka viboko kwa wezi na wala rushwa, 12 mfungwa anapoingia na 12 anapotoka, na Mwalimu Nyerere aliielezea hadharani hata miaka ya 1990. Wananchi wengi waliipenda. Aliyetakiwa kuitekeleza ni bwana jela, na yeye hakuulizwa kazi hiyo inamfanya nini.

Kenya iliweka chuo chake Ruiru. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati Abraham Kamakil akiwa Kamishna wa Magereza, na kisha Moody Awori akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani na Makamu wa Rais, milango ilifunguliwa: waandishi, mashirika na familia waliingia, wafungwa wakapata magodoro, televisheni, masomo. Lilikuwa jambo jema kweli. Aprili 2008 askari wenyewe wakagoma nchi nzima. Walilalamikia mishahara, posho na nyumba, na wengi waliona mfungwa anaboreshewa maisha huku wao wanagawana chumba kimoja familia mbili. Kamati iliyoongozwa na Marsden Madoka ikaundwa kuchunguza. Mageuzi yanayompita askari mlangoni humgeuza kuwa adui wa mageuzi, na ni vigumu kumlaumu.

Turudi kwetu. Tarehe 17 Septemba 1965, Rais Kasa-Vubu akiwa bado madarakani, amri namba 344 ilipanga upya magereza ya Kongo: gereza kuu penye mahakama kuu ya eneo, magereza ya wilaya, na vyumba vya polisi chini yake. Kwa wakati wake ilikuwa sheria ya maana. Miezi miwili baadaye, tarehe 24 Novemba, Mobutu alipindua serikali. Amri ile iliendelea kuwa msingi wa magereza ya nchi kwa zaidi ya nusu karne, chini ya watawala ambao wengi wao hawakuona gereza kama huduma ya umma inayohitaji bajeti, chuo na watu waliosomea.

Pengo likajazwa na kapita. Kila Mkongomani aliyewahi kupeleka chakula boloko anamjua. Walinzi ni wachache, wengi hawako kwenye orodha ya mishahara na huishi kwa kinachotolewa na familia za wafungwa. Basi ndani ya kuta anatawala mfungwa: kapita mkuu, na chini yake kapita wa vyumba, na vijana wao wa kutia nidhamu. Mgeni hulipa ili asilale chooni. Asiye na pesa hufagia, huteka maji, hupigwa. Ndiyo kanuni ya 40 iliyogeuzwa juu chini. Wapo makapita waliogawa chakula kwa haki na kuzuia mapigano ambayo hakuna mlinzi angeyazuia, na sitawanyima hilo. Ila wamefanya kazi ya serikali bila kiapo cha serikali, na mfungwa aliyeonewa nao hana pa kulalamika.

Matokeo tumeyaona sisi watu wa upande huu. Vita vilifika Pepa penyewe: mwishoni mwa mwaka 2000 majeshi ya Laurent-Désiré Kabila na washirika wake yalipigana na ya Rwanda na waasi wa RCD kwa ajili ya mji huo mdogo, na Desemba Pweto ikaanguka. Vita vikaacha wanamgambo, na mmoja wao, Gédéon Kyungu Mutanga, aliitia hofu nchi kati ya Manono, Mitwaba na Pweto hadi watu wakaikimbia. Alijisalimisha, na Machi 2009 akahukumiwa kifo kwa makosa dhidi ya ubinadamu. Tarehe 7 Septemba 2011 watu wenye silaha walivamia gereza la Kasapa, Lubumbashi, mchana kweupe, na Gédéon akatoka pamoja na wafungwa wengine karibu elfu moja. Kwa mkulima aliyekuwa amerudi shambani kwake, hukumu ile yote ilifutwa asubuhi moja.

Oktoba 2020 wafungwa wapatao 1,300 walitoroka Kangbayi, Beni, baada ya shambulio. Mwezi mmoja kabla, Kasapa, wafungwa wanaume waliingia sehemu ya wanawake, na kwa siku tatu wanawake makumi walibakwa huku utawala wa gereza ukiwa umepoteza udhibiti. Usiku wa tarehe 2 Septemba 2024, Makala, gereza lililojengwa kwa watu 1,500 na lililokuwa na karibu mara kumi yao, lililipuka. Waziri wa Mambo ya Ndani alitangaza vifo 129, kati yao 24 kwa risasi, wengine kwa kukanyagana na kukosa hewa. Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia Goma, gereza la Munzenze lilivunjwa na kuchomwa, na Umoja wa Mataifa ulieleza kwamba zaidi ya wanawake 100 walibakwa, wengi wao wakafa motoni.

Mafunzo peke yake yasingezuia yote hayo. Walinzi waliofunzwa vizuri kuliko wote duniani hawawezi kushikilia gereza lenye watu mara kumi ya nafasi yake dhidi ya jeshi. Msongamano, njaa na vita vina wenyewe. Lakini msongamano nao unaanzia kwenye meza ya mlinzi, na hapa ndipo watu wengi hawatazami.

Wengi wa wanaojaza magereza ya Kongo ni mahabusu, watu ambao hawajahukumiwa. Kwa sheria ya mwenendo wa mashtaka ya mwaka 1959, hati ya kumshikilia mtu kwa muda ina siku tano za kumfikisha mbele ya jaji. Jaji akiruhusu, ni siku 15, kisha inaongezwa mwezi mmoja mmoja kwa uamuzi mpya. Kila hati ina tarehe. Mlinzi aliyefundishwa kuisoma, kuiandika kwenye rejista na kuhesabu siku anajua ni nani leo anakaa ndani bila karatasi halali, na anampelekea orodha mwendesha mashtaka. Asiyefundishwa anafunga mlango tu. Mtu aliyeletwa kutoka Pepa kwa ugomvi wa ng'ombe anaweza kusahaulika miezi kwa sababu hakuna aliyegeuza ukurasa. Kalamu ya mlinzi ingepunguza msongamano wa Kalemie haraka kuliko ukuta mpya, nami nasema hivyo bila kusitasita.

Ndivyo walivyofanya maafisa wa magereza walioletwa na ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini, MONUC, kisha MONUSCO, kutoka nchi wanachama, wengi wao Waafrika. Walisimama kando ya walinzi wa Kongo na kufundisha mambo yanayoonekana madogo: rejista, hesabu ya asubuhi na jioni, upekuzi usiodhalilisha, watoto kutengwa na watu wazima, wanawake kutengwa na wanaume, mpango wa moto na wa kutoroka. Walifundisha pia usalama wa kumjua mfungwa, yaani mlinzi anayetembea ndani, anayeongea na watu, anayesikia ugomvi ukiwa bado maneno. Lakini hiyo ilikuwa kazi ya wageni na semina za wafadhili. Katikati ya mwaka 2022 MONUSCO ilifunga shughuli zake katika mkoa wetu wa Tanganyika. Mwaka 2023 Kongo ilipata sheria mpya ya msingi ya magereza, na amri ya 1965 ikapumzishwa. Sheria hiyo ni nzuri kuliko iliyotangulia, lakini kuruti hafundishwi na gazeti rasmi la serikali.

Kwa hiyo, wabunge wa Tanganyika, na ninyi mlioko Kalemie mnaokaa na wizara ya sheria: kabla hamjashangilia gereza jipya au walinzi wapya, ulizeni maswali haya na mdai majibu kwa maandishi. Mlinzi anayeshika ufunguo Moba leo amefunzwa wapi, na kwa miezi mingapi? Wangapi kati yao ni wanawake? Nani anakagua rejista yake? Na mshahara wake wa mwezi uliopita, umelipwa?